Vidole Vyangu Vinakufa Ganzi, na Glavu ni Zawadi ya Mume Wangu

Shikamoo Shangazi,

Najua wapo watakaosoma barua hii waseme nimekosa la kulalamikia. Kwangu si jambo dogo, maana limeshaingia kati yangu na mume wangu, na siku hizi kila safari ya mlimani ikipangwa natafuta sababu ya kubaki nyumbani.

Mume wangu anateleza kwenye theluji kwa ubao tangu ujana wake. Mimi nilijifunza baada ya ndoa, na mchezo wenyewe nimeupenda. Miteremko ya kati nashuka bila woga, nakata kona kwa upande wa visigino na kwa upande wa vidole vya miguu, na nikianguka naamka nikicheka. Kinachonishinda ni mikono.

Msimu huu ulipoanza alinizawadia glavu za ngozi ya mbuzi, za vidole vitano, zenye pindo fupi linaloingia chini ya mkono wa koti. Alizitafuta kwa muda, na zinafanana na zake. Nilipozijaribu mbele yake alifurahi kuliko mimi. Asubuhi sina shida nazo. Shida inakuja kadiri siku inavyokwenda, kwa sababu kila nikishuka kwenye lifti ya viti naketi kwenye theluji kufunga mikanda ya ubao, na kila nikianguka najiinua kwa viganja. Ikifika saa sita ngozi imeshalowa. Nikivua glavu, kitambaa cha ndani kinang'ang'ania vidole na kutoka navyo hadi nje, kimejipindua. Kukirudisha kwa mkono wenye unyevu ni mtihani. Kidole cha pete hakipati njia kabisa, kinabaki kimejikunja katikati huku wenzangu wananisubiri.

Hapo ndipo vidole viwili, cha kati na cha pete, vinapopauka. Vinapauka kutoka nchani hadi pingili ya pili, kwa mstari unaoonekana wazi, na sivihisi tena. Nikiingia ndani kupata joto vinakuwa na ubuluu kidogo, halafu vyekundu, na vinapwita kwa maumivu mpaka machozi yananitoka. Nimekuwa nikijifungia chooni ili asinione.

Mwalimu aliyenifundisha alinishauri nivae miteni, zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja na gumba chake. Nikaazima za rafiki. Joto nililipata, sikatai. Lakini nilipofika juu sikuweza kuingiza mkanda kwenye kishikizo chake. Nilijaribu na kujaribu, mwishowe mume wangu akapiga goti akanifunga yeye, kama mtoto anayefungwa kamba za viatu. Alifanya kwa mapenzi, lakini akaongeza: "Si nilikwambia? Miteni ni za watoto. Vaa glavu zako, mwili utazoea." Wote walisikia.

Sijamwambia kuhusu vidole kupauka. Nahofia ataona nakataa zawadi yake, au atasema basi nisipande tena. Shangazi, ninunue miteni nivumilie kufungwa mikanda na mtu mzima mwenzangu, au nibaki na glavu nivumilie baridi?

Ni mimi,
Mwenye Vidole Vilivyopauka

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na hakuna mahali nilipoona mtu aliyekosa la kulalamikia. Nimeona mtu anayejificha chooni na maumivu, asionekane na anayempenda. Hilo peke yake lingetosha kuniandikia.

Umeniuliza uchague kati ya vitu viwili. Nikilifungua fundo lako naona nyuzi tatu: hali ya vidole vyako, kile unachokivaa, na maneno ambayo hayajasemwa kati yako na mumeo. Zimefungamana kiasi kwamba kila ukivuta uzi mmoja mwingine unakaza. Ruhusu nianze na vidole, maana mengine yote yanaweza kungoja.

Umeeleza rangi tatu zikifuatana: kupauka, ubuluu, wekundu. Tena umetaja mstari wazi pale weupe unapokoma. Kuna hali iitwayo Raynaud, kwa jina la daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliyeieleza mwaka 1862, ambapo mishipa midogo ya damu vidoleni hujikaza kupita kiasi mtu akipata baridi au hata akipatwa na wasiwasi. Damu inakatika kwa muda, kidole kinapauka na kufa ganzi. Damu ikirudi, kinakuwa chekundu na kuuma. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Wengi wanaishi nayo miaka yote bila madhara makubwa, lakini kwa wengine inaambatana na ugonjwa mwingine, kama lupasi, ambapo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, na zipo dawa za maradhi mengine zinazoweza kuichochea. Sigara nayo huizidisha. Mimi si daktari na siwezi kusema unayo au huna. Ninachokuomba ni umwone daktari kabla ya safari ijayo, na ukiweza uwe na picha ya vidole vikiwa vimepauka, kwa sababu ukifika kwake vitakuwa vimesharudia rangi yake.

Na kama siku moja mlimani kidole kitapauka kisirudi, ngozi ikawa ngumu au inang'aa kama nta, hiyo ni nyama inayoganda, na ni jambo la haraka. Usikisugue, wala usikisugue kwa theluji kama wengine wanavyoshauri. Hupashwa joto kwa maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, tena pale tu ambapo una hakika hakitaganda upya njiani. Ushuke, utafute msaada. Siku hiyo usijifungie chooni.

Sasa tuje kwenye glavu. Wewe umeshakubali kwamba kosa ni vile vidole vitano. Ni kweli kwamba miteni zina joto zaidi, maana vidole vinavyogusana vinapeana joto na eneo linalokutana na baridi ni dogo. Lakini soma tena ulichoandika mwenyewe: asubuhi huna shida nazo. Kama umbo peke yake ndilo lingekuwa na kosa, ungeumia tangu safari ya kwanza juu. Kinachobadilika kati ya asubuhi na saa sita ni maji. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo glavu iliyolowa inakunyang'anya joto badala ya kukutunzia. Mwenye kuteleza kwa ubao analowa mikono kuliko wengi wengine mlimani, kwa hizo sababu ulizozitaja: kuketi, kufunga mikanda, kujiinua.

Kwa hiyo nina maswali. Je, glavu hizo zina utando wa kuzuia maji ndani, au ni ngozi na kitambaa tu? Ngozi ya mbuzi ni imara na inashika vizuri, lakini inataka kupakwa nta au mafuta yake mara kwa mara, la sivyo inakunywa maji. Je, zinakauka kabisa usiku? Glavu nene inaweza kuwa kavu nje asubuhi na bado na unyevunyevu nchani mwa vidole, na hapo unaanza siku ukiwa umeshashindwa. Zianike mahali penye hewa, midomo wazi, mbali na hita, maana joto la karibu linaipasua ngozi. Na pindo lile fupi: ukianguka na mkono ukanyooka, theluji haiingii kwenye kifundo?

Swali jingine ni la kipimo. Umesema zinafanana na zake. Kunja ngumi ukiwa umezivaa. Je, mgongo wa mkono unabanwa? Nyoosha vidole: je, kuna nafasi kidogo mbele ya ncha, au ncha zinagusa mshono? Glavu inayobana inafinya damu na kuiondoa hewa iliyopaswa kutunza joto, na inawezekana ndiyo sababu kidole chako cha pete hakipati njia. Kitambaa kinachojipindua kikitoka na vidole ni tatizo la ushonaji; zipo glavu ambazo kitambaa cha ndani kimeshikizwa kila ncha, na nyingine ambazo kinatoka chote kwa makusudi ili kikaushwe peke yake.

Halafu kuna mwili mzima. Kifua kikipoa, mwili unavuta damu ndani kulinda moyo na ini, na mikono ndiyo inayotozwa. Mtu anaweza kubadilisha glavu mara tano na vidole vikabaki baridi kwa sababu fulana yake ya ndani imelowa jasho. Unavaa nini chini ya koti? Ukingoja wenzako juu unasimama tu, au unazungusha mikono kutoka begani kwa nguvu? Kule kuzungusha kunasukuma damu hadi nchani, jaribu uone.

Miteni nazo umezihukumu kwa jaribio la mara moja, ukiwa na jozi ya mtu mwingine, mbele ya watu, na mikono imeshaganda. Sidhani zimepata haki yake. Kufunga mikanda kwa miteni kunajifunzwa, tena kunajifunzwa nyumbani: weka ubao sakafuni, vaa buti, vaa miteni, keti, ufunge na kufungua mpaka mkono ujue njia. Ule ulimi wenye meno hauhitaji ncha za vidole. Unabanwa kati ya gumba na kiganja, unasukumwa ndani ya kishikizo kwa upande wa mkono, kisha wenzo unavutwa na vidole vinne kwa pamoja. Miteni yenye gumba lililokatwa vizuri na kiganja cha ngozi inaweza. Iliyojaa pamba mpaka gumba linasimama peke yake haiwezi, hata ujifunze mwaka mzima.

Katikati ya hizo mbili kuna njia nyingine. Kuna za vidole vitatu, ambapo gumba na kidole cha shahada vina vyumba vyao na vingine vitatu vinakaa pamoja. Zinakupa mshiko, na vidole vyako viwili vinavyoumia vinapata mwenzi, ila cha shahada kinabaki mpweke, na sijui kama nacho hakitaanza kulalamika. Kuna pia njia ya kuvaa glavu nyembamba za sufu ndani ya miteni kubwa: juu unavua miteni, inaning'inia kwenye kamba ya kifundo, unafunga mikanda kwa zile nyembamba, unarudisha. Wengi wanaipenda. Hatari yake ni kwamba zile nyembamba zikigusa theluji zinalowa, na unyevu huo unauingiza wewe mwenyewe kwenye chumba chenye joto. Anayeifuata njia hii hubeba jozi ya pili kavu mfuko wa ndani. Na asibane: glavu nyembamba ndani ya kitu kilichokuwa sawasawa tayari ni baridi juu ya baridi.

Wengine watakuambia ununue glavu zinazopashwa joto kwa betri. Kwa mtu mwenye mishipa inayojikaza zinaweza kuwa msaada mkubwa, maana zinawahi kabla damu haijakatika. Zina uzito, betri huishiwa nguvu haraka kwenye baridi kali, na ukizitegemea peke yake utakwama zikizima ukiwa juu. Vile vipakiti vya joto vyenye unga wa chuma navyo vinafaa, lakini vinahitaji hewa ili vifanye kazi, kwa hiyo ndani ya glavu inayobana havina kazi na vinazidi kubana. Ndani ya miteni vina nafasi. Usiviweke moja kwa moja kwenye kidole kilichokufa ganzi, kwa sababu kinaweza kuungua na usijue.

Nije kwenye jambo ambalo hukuuliza na linanigusa kuliko yote. Umesema ukianguka unajiinua kwa viganja, na ninahisi unaangukia viganja pia. Kifundo cha mkono ndicho kinachoumia zaidi kwa wanaojifunza ubao. Norway walifanya utafiti kwa watu zaidi ya 5,000, ukachapishwa mwaka 2001: waliovaa kinga za kifundo walioumia kifundo walikuwa 8, wasiovaa walikuwa 29. Kama huna kinga hizo, tafadhali zifikirie kabla ya kuamua chochote, kwa sababu zinabadilisha hesabu ya glavu. Kinga haiingii vizuri chini ya glavu yenye pindo fupi na mkono mwembamba. Inaingia chini ya pindo refu na pana, na miteni nyingi zina nafasi hiyo. Zipo glavu na miteni zenye kinga ndani yake tayari. Na ukijiona unaanguka, kunja ngumi na uache mkono wote upokee, badala ya kunyoosha kiganja.

Sasa mumeo. Aliposema mwili utazoea, alikuwa anamjibu mtu anayelalamika baridi ya kawaida, kwa sababu hiyo ndiyo anayoijua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye mishipa yake haijikazi, na wewe umemficha ushahidi. Hata lile la miteni kuwa za watoto sidhani amelifikiria. Wanaopanda Everest huvaa miteni wakikaribia kilele. Lakini nisimwonee. Kuna ukweli katika anachokisema: ukishindwa kufunga zipu au mkanda kwa miteni utazivua, na mkono mtupu kwenye upepo unapoa haraka kuliko ndani ya glavu yoyote. Huenda hilo ndilo alilokuwa analiona, akalisema vibaya, mbele ya watu.

Unahofia ataona umekataa zawadi. Je, kuna namna ya kuzungumza habari za vidole bila kuanza na glavu? "Vidole vyangu vinapauka na kuniuma, nataka uvione" ni sentensi tofauti kabisa na "glavu ulizonipa hazifai." Ya kwanza inamwita, ya pili inamshtaki. Ningekushauri muongee jioni, nyumbani, mikono ikiwa na joto, si juu kwenye foleni ya lifti. Glavu zenyewe si lazima zife: siku kavu za jua, au siku ambayo hutaketi sana kwenye theluji, zinaweza kuwa ndizo hasa. Hofu yako ya pili, kwamba atasema usipande tena, siwezi kuiondoa kwa maneno. Inawezekana akaogopa akasema hivyo. Ukiwa umeshamwona daktari, angalau mtakuwa mnaongelea jambo linalojulikana, na pengine akutane na daktari pamoja nawe.

Na ile siku aliyopiga goti. Nimejiuliza ni kipi hasa kilichokuumiza. Kufungwa mikanda, au maneno yaliyofuata? Kama ni maneno, basi kumwacha akufunge siku ya baridi kali huenda kusikuumize mkikubaliana kabla, kimyakimya. Kama ni kule kufungwa kwenyewe, basi unachohitaji kwake ni muda: awaambie wenzenu watangulie, abaki nawe mpaka umalize mwenyewe. Zipo pia mbao ambazo buti linajifunga kwa kukanyaga, bila mikanda na bila mikono. Zinataka buti zake maalumu, na ni uamuzi mkubwa kwa mtu ambaye bado hajui kama tatizo ni glavu au damu, lakini ujue zipo.

Utakapokwenda dukani kujaribu chochote, nenda na glavu nyembamba za ndani na kinga za kifundo ukiwa umezivaa, na ukiweza uombe ubao wenye mikanda ujaribu kufunga na kufungua palepale. Usiwe na haraka. Niandikie ukishaonana na daktari, hasa akikuandikia dawa, na uniambie pia alisema nini mumeo ulipomwonyesha vidole.

Wako akupendaye,
Shangazi